Kabla hujachagua chuo kikuu, uliza mwanao atalala wapi

Leo ningependa tuzungumze juu ya jambo ambalo huzua mzozo katika nyumba nyingi mara tu matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa. Si jambo la alama. Alama zikishatoka zimetoka, uzipende usizipende. Ni jambo la mahali.

Jioni moja jirani yangu hapa mtaani Umoja alibisha mlango wangu akiwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Nyuma yake alikuwepo mkewe, na nyuma ya mkewe binti yao mkubwa, amenuna.

"Dada," akasema yule bwana kabla hata hajaketi, "wewe ndiwe mtu wa magazeti. Hebu tuamulie."

Binti alikuwa amepita vizuri na alitaka kusomea kilimo. Juu ya hilo hapakuwa na ubishi, maana jamaa hii ni ya kutoka milima ya Mbooni huko Makueni, na mtu wa Makueni hahitaji kufundishwa thamani ya mwembe na mchungwa. Ubishi ulikuwa juu ya chuo kipi cha kutanguliza katika orodha ya kupeleka kwa KUCCPS, lile shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi.

Binti alitaka Nairobi. Rafiki zake wote walikuwa wakibaki Nairobi, na isitoshe angelala nyumbani. Mama alitaka mahali popote palipo karibu na Wote, makao makuu ya Makueni, kwa sababu nyanya ya mtoto haishi mbali na hapo. "Akiugua usiku, mama yangu atamfikia," akasema. Baba naye alikuwa ameshakata shauri: Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, huko Kwa Vonza, Kitui. Na kulala? "Dada ya mke wangu ameolewa Kitui mjini. Atalala kwa mamake mdogo, asubuhi apande matatu. Pesa ya bweni tutaila sisi na hawa wadogo."

Nikawatazama wote watatu. Kila mmoja alikuwa na hoja yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameona kwa macho mahali alipokuwa akipapigania.

Chuo kimoja, mahali pengi

Msomaji wangu, kosa la kwanza tunalofanya ni kudhani kwamba chuo kikuu ni mahali pamoja. Tunasikia jina, tunaona picha ya lango, basi tunafikiri tumekijua. Chukua Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa miaka mingi kilikuwa kimegawanywa katika vyuo vikubwa sita, mpaka mwaka 2021 vilipovunjwa na kazi zake kuwekwa chini ya vitivo. Muundo ulibadilika, lakini ardhi haikuhama. Anayesomea kilimo au udaktari wa mifugo huenda Upper Kabete. Ualimu umekuwa ukifundishwa Kikuyu. Udaktari wa binadamu uko kando ya Hospitali Kuu ya Kenyatta. Kwa hivyo mzazi wa Umoja anayesema "mwanangu atasoma Nairobi, atalala nyumbani" hajasema lolote mpaka ataje ni bewa lipi.

Nilimwuliza binti: "Wajua kilimo kinafundishwa Upper Kabete?" Alijua. "Wajua Umoja iko mashariki ya jiji na Kabete iko magharibi?" Akanyamaza. Kutoka kwetu mpaka kule ni kulivuka jiji zima, asubuhi na jioni, kwa matatu mbili, katika msongamano ambao wewe msomaji huhitaji mimi nikueleze. Mwanafunzi wa namna hiyo huhudhuria mihadhara akiwa amechoka kama mtu atokaye kazini.

Hali ni hiyo hiyo Kitui na Makueni. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya makao yake makuu yako Kwa Vonza, katika nchi kame ya Yatta, upande wa Kitui ukitokea Machakos. Lakini chuo hicho pia kimekuwa na mabewa mengine: Kitui mjini, Mwingi kwenye barabara ya Garissa, Wote, na Mtito Andei kwenye barabara ya Mombasa. Jina ni moja, cheti ni kimoja, lakini maisha ya mwanafunzi wa Mtito Andei, anayesikia malori usiku kucha, si maisha ya mwanafunzi wa Kwa Vonza, ambaye usiku husikia wadudu. Wala si kila kozi hufundishwa kila bewa.

Chuo chenyewe kina historia ya kupendeza. Kilianza kama taasisi ya kilimo ya Ukambani, iliyojengwa kwa michango ya harambee. Mwaka 2008 kikafanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na Machi 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Maana yake ni kwamba kwa miaka hiyo mitano mwanafunzi aliweza kuwa chini ya mwavuli wa Chuo Kikuu cha Nairobi huku viatu vyake vikiwa na vumbi la Yatta. Jirani zao wa Machakos walipitia njia iyo hiyo: chuo chao kilikuwa kishiriki cha Kenyatta kabla ya kupata hati yake mwaka 2016.

Wala jambo hili si geni Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1970 nchi zetu tatu zilikuwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye vyuo vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Ukitaka udaktari, wenda Makerere. Ukitaka uhandisi, Nairobi. Ukitaka sheria, hapana budi ufunge mzigo uende Dar es Salaam. Jaji Mkuu mstaafu Willy Mutunga, aliyezaliwa Kitui mwaka 1947, alisomea sheria huko Dar es Salaam na kupata shahada yake mwaka 1971. Vijana wa siku hizo walikuwa wakifuata kozi ilipo, hata kama ni ng'ambo ya mpaka. Nasi leo twaogopa kuvuka mto Athi!

Hata Uingereza mambo ni hayo. Chuo Kikuu cha Cambridge kina vyuo 31 ndani yake. Mtihani wa shahada ni wa chuo kikuu kizima, lakini mwanafunzi hulala, hula na huangaliwa katika chuo chake kidogo. Anayeomba nafasi huweza kutaja chuo anachokitaka, au akaacha wazi apangiwe. Kimoja, Girton, kilianzishwa mwaka 1869 kwa ajili ya wanawake, na mwaka 1873 kikahamia mahali kilipo sasa, yapata kilomita nne kutoka katikati ya mji, kwa kuwa walioendesha mambo hawakutaka wasichana wakae karibu na wavulana. Wanawake wenyewe hawakupewa shahada kamili za Cambridge mpaka mwaka 1948. Lakini waliokaa huko mbali walikuwa na kitu ambacho wengi mjini hawakuwa nacho: chumba chao wenyewe, meza, taa, na mlango wa kufunga. Walisoma, wakashinda.

Yaliyonipata mimi

Nasema haya si kwa kusikia. Nilipomaliza shule nilitaka kuwa mwandishi wa habari, na chuo nilichokichagua kilikuwa na matawi mawili. Moja lilikuwa pembeni ya jiji, majengo ya kawaida, na bweni nyuma ya jikoni. La pili lilikuwa katikati ya jiji, ghorofani, lenye lifti na vioo. Mimi msichana wa vioo nikachagua vioo. Rafiki yangu tuliyetoka naye shule moja akachagua lile la pembeni, nami nikamcheka.

Tawi langu halikuwa na bweni. Nilipanga chumba kimoja huko Kayole pamoja na wasichana wengine wawili. Masomo yalikuwa yakiisha jioni, na kutoka kituo cha matatu mpaka kwetu palikuwa na kichochoro kisicho na taa. Muhula wa pili, usiku mmoja, vijana watatu wakanisimamisha hapo. Walichukua simu, viatu, na mkoba. Ndani ya mkoba mlikuwemo kamera ya chuo niliyokuwa nimeazima kwa kazi ya darasani.

Sikuumizwa, namshukuru Mungu. Lakini kamera ilibidi ilipwe. Baba yangu aliuza ndama. Karo ya muhula uliofuata ikakosekana, nikakaa nyumbani miezi minne nikichambua maharagwe, na rafiki yangu wa bweni la nyuma ya jikoni akanitangulia kupata diploma na kazi. Siwezi kukilaumu chuo. Hakikunidanganya kwamba kina bweni. Ni mimi sikuuliza.

Mgeni siku mbili

Sasa turudi kwa jirani yangu na ule mpango wake wa mama mdogo wa Kitui. Wazazi wengi wa mjini tunaupenda mpango huu kwa sababu unaonekana hauna gharama. Jamaa ni jamaa. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shahada ni miaka minne.

Mtoto wa dada akiishi kwako huwezi kumwacha alale mpaka saa mbili asubuhi kwa sababu tu jana alikesha akisoma. Naye hawezi kukaa na kitabu sebuleni huku mwenye nyumba akiosha vyombo. Atateka maji, atawaogesha wadogo, atatumwa dukani. Haya si mateso, ni malezi, na mama mdogo hana kosa. Lakini yakiongezewa safari ya kila siku, muda wa kusoma utapatikana wapi? Kutoka Kitui mjini mpaka soko la Kwa Vonza ni matatu, na kutoka sokoni mpaka chuoni bado kuna mwendo wa kupanda boda boda. Mwambie jirani yangu ajumlishe nauli hizo mara tano kwa juma, kisha aone kama bado anaila ile pesa ya bweni.

Hesabu nyingine ambayo wazazi huikosea ni hii. Katika vyuo vyetu bweni hulipwa kwa muhula. Chumba cha mtaani hulipwa kwa mwezi. Tuseme, kwa mfano tu, chumba ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 36,000, pamoja na miezi ya likizo ambayo mtoto yuko nyumbani, maana akikiachilia atakuta kimekodishwa na mwingine. Ongeza amana ya mwenye nyumba, godoro, jiko la gesi, stima na mitungi ya maji. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba cha rahisi kilikuwa ghali.

Lakini pia, mzazi, usilale ukidhani kwamba barua ya kuitwa chuoni ni tikiti ya kitanda. Katika vyuo vingi vya umma vitanda ni vichache kuliko wanafunzi, na anayetangulia kuomba ndiye anayepata. Mtoto akifika siku ya kuripoti na sanduku lake bila ya kuwa ameomba mapema, ataishia kupanga chumba chochote anachoonyeshwa jioni hiyo. Vyumba vya kuonyeshwa jioni ndivyo vyenye vichochoro visivyo na taa.

Mambo ya kuuliza

Basi nikamwambia jirani: "Baba, mimi siamui. Mpeleke mtoto akaone." Akalalamika juu ya nauli. Nikamwambia nauli ya kwenda na kurudi Kitui ni ndogo kuliko kamera.

Nikampa binti maswali ya kwenda nayo, nami nawapa ninyi pia, muyakate muyabandike ukutani.

Kwanza, kozi hii inafundishwa bewa gani, na je, nitakaa hapo mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, au nitahamishwa katikati? Usione haya kuuliza. Mwanzoni mwa mwaka 2016 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliagiza Chuo Kikuu cha Kisii kifunge mabewa yake 10, na maelfu ya wanafunzi wakabaki wakiuliza waende wapi.

Pili, bweni lina nafasi ngapi kwa wageni wa mwaka wa kwanza, na huombwa lini? Tatu, maji. Katika Ukambani swali la maji si la kuuliza kwa aibu: yanatoka bombani kila siku, au kuna siku za kununua? Nne, maktaba hufungwa saa ngapi, na kutoka maktaba mpaka kitandani ni mwendo gani, una taa au hauna? Tano, mtu akiugua usiku wa manane hupelekwa wapi, na kwa gari gani? Sita, chakula cha kantini ni bei gani, na je, yaruhusiwa kupika?

La saba ni muhimu kuliko yote: usiyaulize ofisini peke yake. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili, anayefua nguo zake nje, umwulize yeye.

Walivyokwenda

Jumamosi iliyofuata baba na binti waliondoka alfajiri kutoka stendi ya Machakos hapa jijini. Walipita Machakos, wakapita Wamunyu kwa wachonga vinyago, wakavuka Athi. Mama alibaki, lakini alimpa binti ndizi na chapati kana kwamba wanakwenda Sudani.

Walirudi usiku. Siku ya pili baba akaja kwangu peke yake, akaketi, akavua kofia.

"Yule msichana wangu," akasema, "sikujua kwamba anaweza kuongea na watu hivyo." Akanieleza jinsi binti alivyomfuata mwanafunzi mmoja aliyekuwa akianika nguo, akaongea naye nusu saa nzima huku yeye baba amesimama kwenye kivuli cha mti kama dereva aliyekodiwa. Yule mwanafunzi alikuwa ameanza masomo yake akilala kwa mjomba, mbali na chuo. Mihadhara ya asubuhi alikuwa akiikuta nusu. Muhula mmoja ulimtosha, akaomba kitanda.

"Basi?" nikamwuliza.

"Basi amechagua Kwa Vonza, na anataka bweni. Nimekubali. Kitu ambacho sijui ni vipi nitamwambia shemeji yangu, maana tulikuwa tumeshamwambia mtoto anakuja kwake. Atasema tumemdharau."

Hili, msomaji, ni jambo zito, na vitabu vya chuo haviliandiki. Shauri lilitolewa na mama wa mtoto mwenyewe. Alimpigia dada yake simu, akamwambia: "Mtoto atakuwa bwenini siku za masomo. Lakini wewe ndiwe mama yake wa huko. Jina litakaloandikwa la kupigiwa simu akiugua ni lako, na mwisho wa mwezi atakuja kula muthokoi kwako." Mama mdogo hakukasirika. Aliuliza tu kama mtoto ana blanketi zito, kwa kuwa usiku wa Julai nako Kitui huwa baridi.

Na nyanya wa Mbooni? Siku hizi barabara ni nzuri kuliko zamani, na likizo zipo.

Yawezekana chaguo la nyumba yako litakuwa tofauti. Anayesomea uuguzi atatafuta bewa lililo karibu na hospitali kubwa. Mwenye nyumba yao kweli iko jirani na chuo, alale kwao asome. Mwenye mtoto ambaye ameshapangiwa mahali pasipomfaa ajue kwamba huwa kuna kipindi cha kuomba uhamisho, lakini si haki ya kudai: sharti chuo anachokitaka kiwe na nafasi, na alama zake ziwe zinafikia. Ni rahisi zaidi kuchagua vizuri mwanzo kuliko kuhama mwisho.

Wazazi, tumezoea kuuliza mtoto atasomea nini, na karo ni ngapi. Ongeza swali moja tu dogo: atalala wapi? Kisha mchukue mkono mwende mkapaone mahali hapo, na ukifika, mwache aulize yeye. Ni yeye atakayelala huko, si wewe.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.